Kanuni ya Chakula Inapobadilika

Soma kwa ajili ya somo hili: Danieli 1:8–16, Danieli 10:2, 3, Warumi 14, Wakolosai 2:16–23, Yakobo 5:16.

Mwaka 1961 mama mmoja wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch, mkazi wa Queens katika jiji la New York, alikutana na jirani yake katika duka kubwa la vyakula. Jirani akamsifu jinsi alivyopendeza, kisha akamwuliza atajifungua lini. Nidetch hakuwa mjamzito. Alikuwa na miaka 37 na uzito wa kilo 97 hivi, naye alikuwa amekwisha kujaribu njia nyingi za kupunguza mwili zilizovuma siku zile. Swali la jirani lilimpeleka kwenye kliniki ya unene iliyoendeshwa na idara ya afya ya jiji, na huko akapewa orodha.

Orodha hiyo ilikuwa kazi ya daktari Norman Jolliffe wa idara hiyo hiyo. Masharti yake yalikuwa makali: samaki mara tano kwa juma, maini mara moja, vipande viwili vya mkate kwa siku, maziwa yaliyoondolewa mafuta, mayai kwa hesabu. Sukari, vileo na vyakula vya kukaanga vilikatazwa. Kuruka mlo nako kulikatazwa. Nidetch akaanza kupungua, lakini alikuwa na siri. Aliendelea kula biskuti za chokoleti kwa kujificha, na hakuthubutu kumwambia mhudumu wa kliniki. Hatimaye aliwaalika nyumbani kwake marafiki sita waliokuwa wanene kama yeye, akawakiria habari ya biskuti zile. Nao wakaanza kukiri za kwao.

Kinachostahili kuangaliwa hapa ni kwamba orodha ile haikuwa siri. Idara ya afya iliitoa kwa yeyote aliyefika kliniki. Kilichokosekana kliniki kikapatikana sebuleni ni mtu wa kumwambia ukweli bila kuogopa kudharauliwa. Mtume Yakobo aliwaagiza waumini kuungamiana dhambi na kuombeana ili wapate kuponywa (Yakobo 5:16), na ingawa akina mama wale hawakukutana kwa ajili ya ibada, walikuwa wamegusa jambo ambalo kila darasa la Shule ya Sabato lenye uhai hulijua. Ndani ya miezi miwili watu wapatao 40 walikuwa wakihudhuria. Kufikia Oktoba 1962 Nidetch alikuwa na kilo 64 hivi.

Tarehe 15 Mei 1963 mikutano ile iligeuka kuwa kampuni, ikaitwa Weight Watchers. Ada ya mkutano ilikuwa dola 2. Mkutano wa kwanza wa hadhara, huko Little Neck, ulivuta watu zaidi ya 400. Mwaka 1968 hisa za kampuni zilianza kuuzwa kwa umma, na mwaka 1978 Heinz, kampuni kubwa ya vyakula, iliinunua kwa dola milioni 71 hivi. Tangu hapo aliyeandika kanuni ya mlo na aliyeuza mlo wenyewe, ukiwa umegandishwa ndani ya boksi, walikuwa chini ya paa moja.

Nazo kanuni zikaanza kubadilika. Sharti la kula maini liliondolewa. Miaka ya sabini na themanini watu walibadilishana vyakula kwa mafungu: fungu la mkate, fungu la protini, fungu la mafuta. Mwaka 1997 Marekani ililetewa mfumo wa pointi. Kila chakula kilipewa namba iliyotokana na kalori, mafuta na nyuzinyuzi zake, na kila mwanachama akapewa idadi ya pointi za kutumia kwa siku kama mtu apewavyo posho. Chini ya hesabu hiyo tufaha lenye kalori 100 na kipakiti cha biskuti chenye kalori 100 vilikaribiana sana. Novemba 2010 hesabu ikabadilika, matunda mengi yakawa sifuri. Ndizi iliyokuwa na pointi mbili jioni, asubuhi haikuwa na pointi yoyote. Desemba 2015 sukari na mafuta yaliyoganda yakapandishwa gharama. Desemba 2017 vyakula zaidi ya 200 vikafutiwa pointi: maharage, samaki, mahindi, kidari cha kuku kisicho na ngozi, mayai. Novemba 2019 zikaja njia tatu zenye rangi tatu, kijani, buluu na zambarau. Novemba 2021 kila mtu akapewa hesabu yake peke yake kwenye simu. Mwaka mmoja baadaye watu wengi wakarudishwa kwenye orodha moja.

Chukua yai peke yake, maana lina historia ndefu kuliko vyakula vingine. Katika orodha ya mwaka 1961 lilihesabiwa. Mwaka 1968 Shirika la Moyo la Marekani liliwashauri watu wasizidishe viini vitatu kwa juma kwa sababu ya lehemu, na kizazi kizima kikajifunza kuliogopa. Katika mfumo wa pointi yai moja lilikuwa pointi mbili kwa miaka mingi. Mwongozo wa chakula wa serikali ya Marekani uliotolewa kwa ajili ya miaka 2015 hadi 2020 uliacha kutaja kikomo cha miligramu 300 za lehemu kwa siku. Miaka miwili baadaye yai likawa sifuri. Kisha mwaka 2019 likawa na pointi kwa aliyechagua kijani, na halina pointi kwa dada yake aliyechagua buluu, wakiwa wameketi meza moja na mayai yametoka sufuria moja.

Sasa mfikirie mwanamke aliyejiunga mwaka 1998. Siku moja anarudi kutoka kazini na njaa, anakula mayai manne ya kuchemsha, na pointi zake za siku zinavuka kikomo. Juma lile haendi mkutanoni kwa sababu anaona aibu kupanda mizani. Analala akijiona mtu dhaifu. Miaka 19 baadaye anaarifiwa kwamba mayai manne ni sifuri. Je, jioni ile alifanya kosa gani?

Jibu la haraka ni kwamba hakufanya kosa. Kanuni ilikuwa na dosari, imerekebishwa, mambo yamekwisha. Lakini jibu hilo linaruka kitu. Mama huyu alikuwa ameweka ahadi, akaivunja huku akijua kwamba anaivunja. Paulo analigusa jambo hili hili katika Warumi 14. Anasema amehakikishwa katika Bwana Yesu kwamba hakuna chakula kilicho najisi kwa asili yake katika jambo lililobishaniwa huko Rumi (fungu la 14), na bado katika fungu la 23 anasema kwamba mwenye shaka akila amehukumiwa, kwa kuwa hakula kwa imani. Chakula ni kile kile. Kilichojeruhiwa ni dhamiri, kwa sababu mtu aliitenda kinyume. Hivyo Paulo hamwambii aliye dhaifu kwamba shaka yake haina maana. Anamgeukia mwenye nguvu na kumwonya asimwangamize ndugu yake kwa chakula.

Hapo uzito wa swali unahama. Badala ya kuuliza tu kama mama yule alikosa, mtu analazimika kuuliza ni nani aliyeipanda ile shaka moyoni mwake, na kwa haki gani. Kampuni inaweza kubadilisha orodha kwa usiku mmoja. Siku hizi inatosha programu ya simu kusasishwa. Dhamiri haibadiliki kwa mwendo huo. Aliyejifunza kuogopa mkate akiwa na miaka 25 anaweza kuendelea kuuogopa akiwa na miaka 60, hata baada ya aliyemfundisha hofu hiyo kuacha kuifundisha, kuuza kampuni na kustaafu. Anayetoa kanuni ya chakula huwa anadhani anagusa sahani, kumbe mkono wake umefika ndani zaidi.

Haki inadai kukiri kwamba mabadiliko mengi yale yalikuwa na sababu njema. Elimu ya lishe ilikua. Lehemu iliyo ndani ya chakula ilionekana kutokuwa na nguvu iliyodhaniwa juu ya lehemu ya damu ya watu wengi. Protini na nyuzinyuzi zilieleweka kuwa hushibisha. Ingekuwa uovu kushikilia kanuni ya mwaka 1961 kwa sababu tu ni ya zamani, na daktari asiyebadili ushauri wake kwa miaka 60 si wa kukimbiliwa.

Sababu ya pili ilikuwa werevu wa walaji wenyewe, na hii inachekesha kidogo. Kila kanuni huzaa njia ya kuizunguka. Mafuta yalipohesabiwa kuwa adui katika miaka ya tisini, maduka yalijaa biskuti zisizo na mafuta zilizosheheni sukari. SnackWell's za kampuni ya Nabisco, zilizoingia sokoni mwaka 1992, zilipata umaarufu mkubwa. Watu walizila pakiti kwa pakiti kwa dhamiri safi. Sukari ilipopandishwa pointi, na kidari cha kuku kufanywa sifuri, wengine waliishi kwa kuku siku nzima ili posho yote ya pointi ibaki kwa ajili ya mvinyo na keki za jioni. Hakuna aliyevunja sheria. Wale Mafarisayo waliotoa zaka ya mnanaa na bizari (Mathayo 23:23) nao hawakuwa wamevunja sheria ya zaka.

Sababu ya tatu ni soko. Mipango mipya ilitangazwa mara nyingi mwezi wa Novemba au Desemba, karibu na Januari, mwezi ambao watu wa nchi zile hutubu ulaji wa sikukuu. Mpango mpya humrudisha aliyekata tamaa na ule wa zamani. Ndiyo biashara ya ajabu: mteja akifaulu kabisa anaondoka, akishindwa kabisa anaondoka, na anayeleta faida ya kudumu ni yule anayefaulu kidogo, anarudi nyuma, kisha anarejea na ada mkononi. Mwaka 1993 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilizifungulia mashitaka kampuni tano kubwa za kupunguza uzito, Weight Watchers ikiwa mojawapo, kwa madai ya matangazo yasiyo na ushahidi wa kutosha. Shauri la Weight Watchers lilimalizika kwa makubaliano mwaka 1997, mwaka ule ule wa pointi.

Hata hivyo si kweli kwamba mpango ule haukufanya kitu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la tiba la JAMA uliwafuata watu 423 kwa miaka miwili. Waliohudhuria Weight Watchers walikuwa wamepungua kilo 2.9 kwa wastani, na waliojisaidia wenyewe kilo 0.2. Mtu mwenye kisukari au magoti yanayouma hatazidharau kilo tatu. Ila si kilo ambazo tangazo la televisheni humwonyesha mtu akiwa ndani ya suruali ya zamani iliyomzidi upana mara mbili.

Soma Wakolosai 2:20–23. Paulo anataja amri za usishike, usionje, usiguse, na anasema mambo hayo yana sura ya hekima, yana ukali wa kuutesa mwili, lakini hayana nguvu ya kuzizuia tamaa. Fungu hili limetumiwa vibaya na watu wanaotaka kula chochote bila kuulizwa. Halikatai kiasi, kwa maana Paulo huyo huyo anaeleza jinsi anavyoutiisha mwili wake (1 Wakorintho 9:27). Linachopinga ni amri ya wanadamu kuvikwa mavazi ya utakatifu, mtu akapimwa uungu wake kwa hiyo. Ukiitazama kwa makini lugha ya biashara ya uzito, mavazi yale yanaonekana. Chakula huitwa kizuri au kibaya, kana kwamba kina tabia. Mtu husema leo nimekuwa mwema, akimaanisha kwamba hakula keki. Husema nimetenda dhambi, huku akicheka, lakini kicheko hakimalizi yote yaliyomo.

Jambo hili halipaswi kusomwa na Mwadventista kama habari za jirani. Kuna ulinganifu wa tarehe unaovutia: mwaka 1863, miaka mia kamili kabla ya kampuni ya Nidetch, William Banting wa London alichapisha waraka wake maarufu wa kupunguza unene, na mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Ellen White alipewa njozi ya matengenezo ya afya huko Otsego, Michigan. Mambo hayo mawili hayana uhusiano. Lakini kanisa limeishi na mashauri ya chakula kwa muda mrefu kuliko kampuni yoyote, na yai limepita humo pia.

Mwaka 1869 Ellen White aliiandikia familia moja kwamba mayai yasiwekwe mezani pao. Ushauri huo ulikuwa wa familia ile, wenye sababu zilizowahusu watoto wao. Ukachapishwa, na baadhi ya wasomaji wakaufanya sheria ya watu wote. Miaka ipatayo 30 baadaye daktari Daniel Kress, mmisionari wa kitabibu huko Australia, alikuwa ameacha nyama, maziwa, siagi na mayai kwa bidii yote bila kuweka kitu cha kutosha mahali pake, akaishiwa damu hata maisha yake yakawa hatarini. Mwaka 1901 Ellen White alimwandikia akimsihi aache ukali huo, apate mayai ya kuku wenye afya na ayanywe mabichi pamoja na juisi ya zabibu, kwa kuwa mwili wake ulihitaji kilichomo humo. Kress alifuata shauri hilo, akapona, akaishi miaka mingi. Mwaka 1909 Ellen White aliandika tena juu ya mambo haya, akaonya kwamba ulaji wa nyama usifanywe kipimo cha ushirika kanisani.

Tofauti na yai la pointi iko wapi, ikiwa yote mawili yalibadilika? Kwa aliyesimama nje huenda hakuna. Mtu mwenye mashaka atasema kwamba nabii naye alisasisha orodha. Lakini angalia nani alibeba mzigo wa badiliko. Barua ya mwaka 1901 iliandikwa kwa mgonjwa mmoja na mtu asiyepata senti kwa mgonjwa huyo kula au kutokula. Aliyekuwa na sifa ya kukataza ndiye aliyekubali kuonekana anajipinga, ili mtu asife akiwa mtii. Kanuni iliinama kwa ajili ya mwili uliokuwa mbele yake. Katika soko mwili ndio huinama, kanuni mpya ikitangazwa, na hakuna anayemwandikia barua mama wa mwaka 1998.

Kuna sehemu chungu pia, na isifichwe. Barua ya Kress haikuwafikia wote waliofikiwa na ile ya mwaka 1869. Mashauri ya kukataza yana miguu mirefu kuliko mashauri ya kuruhusu. Yapo makanisa ambako mshiriki bado hutazamwa kwa jicho la pembeni kwenye chakula cha pamoja cha Sabato kwa sababu ya kilichomo ndani ya hotipoti yake, na anayemtazama hivyo hajui kwamba aliyenukuliwa alilisema jambo hilo kwa nani, lini, na kwa nini.

Danieli anasaidia hapa kuliko inavyodhaniwa kwa kawaida. Katika sura ya 1 anaomba mboga za majani na maji badala ya posho ya mfalme, na jinsi anavyoomba ni muhimu sawa na anachoomba. Anataja muda, siku kumi. Anakubali kupimwa na mtu asiyemwamini Mungu wake. Hamlazimishi kijana mwingine yeyote pale jumbani. Kisha, miaka mingi baadaye, sura ya 10 inasimulia kwamba alipokuwa akiomboleza hakula chakula kitamu, wala nyama, wala divai, kwa majuma matatu. Taarifa hiyo ingekuwa haina maana kama vitu hivyo havikuwahi kuwa mezani pake nyakati nyingine. Mlo wa Danieli mzee haukuwa sawa katika kila kitu na mlo wa Danieli kijana, na hakuna mahali Maandiko yanapomlaumu kwa hilo. Katika jumba la Nebukadreza chakula kile kilikuwa na maana ya kumilikiwa na mfalme. Mazingira yalibadilika. Aliyejibiwa na Danieli, yaani yule ambaye mbele zake Danieli alijiona anawajibika, hakubadilika.

Mwaka 2023 kampuni ya Nidetch, iliyokuwa imejipa jina fupi la WW miaka mitano kabla, ilitumia dola milioni 106 kununua huduma iitwayo Sequence, ambayo kupitia kwake madaktari huandikia watu sindano mpya za kupunguza hamu ya kula. Kampuni ikaanza kueleza unene kuwa hali ya kudumu yenye mizizi katika baiolojia ya mwili. Oprah Winfrey, mtangazaji mashuhuri aliyenunua asilimia 10 ya hisa zake mwaka 2015 kwa dola milioni 43, alisema hadharani mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba naye anatumia dawa ya namna hiyo, na mwaka uliofuata akatoka katika bodi. Mei 2025 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi ili kuondolewa deni la dola bilioni 1.15, na katikati ya mwaka ikatoka ikiwa hai.

Habari za deni ni za wenye hisa. Zinazoihusu dhamiri ni hizi: kwa miaka 60 watu walipanda mizani kila juma na kukiri. Wengine walikiri ulafi, na ulikuwa ulafi kweli. Wengine walikiri njaa. Mwili wao ulikuwa ukidai chakula kwa nguvu ambazo jirani yao mwembamba hajawahi kuzihisi, naye akajisifu kwa kiasi kisichomgharimu kitu. Sindano moja ya juma inapomtuliza mtu kwa namna ambayo maombi na machozi ya miaka 20 hayakufanya, baadhi hufurahi na baadhi huona uchungu, maana wanajiuliza walikuwa wakitubu nini. Kutubu kisicho dhambi si jambo dogo. Kunamfundisha mtu kumwogopa Mungu mahali ambapo Mungu hakumshitaki, na mara nyingi kunamwacha bila nguvu ya kutubu kilicho dhambi.

Afrika Mashariki imelijua jambo hili kwa upande wa pili. Si zamani sana ambapo kumwambia mtu amenenepa kulikuwa salamu ya heri: mume anamtunza, kazi imempokea vizuri. Wakati wa miaka mibaya ya UKIMWI aliyekonda alitazamwa na kunong'onwa, hata kama alikonda kwa vidonda vya tumbo au kwa masomo ya usiku. Leo katika miji ile ile mwili ule ule mnene unaonwa kuwa ushahidi wa uvivu, na kikundi cha simu huuza majani ya chai ya kukata tumbo kwa ushuhuda unaofanana sana na ule wa ibada ya Jumatano. Wazee wa kanisa waliokuwepo nyakati zote mbili wanaweza kukumbuka hukumu zote mbili, pengine juu ya dada yule yule.

Haya yote hayamwondolei mtu wajibu wa kuutunza mwili. Shinikizo la damu halisomi historia ya kanuni. Nesi anayemwambia baba wa miaka 55 apunguze chumvi na ugali wa usiku anamfanyia wema, na kesho utafiti ukimlazimu aseme vingine, aseme vingine. Anachoweza kufanya nesi huyo, na ambacho orodha iliyochapwa haiwezi, ni kusema: hili ni shauri la leo kwa ajili yako, nami nitakuwa hapa mwezi ujao kuona limekufaa au la. Shauri la namna hiyo linaweza kubadilika bila kumwacha mtu na aibu, kwa sababu halikuwahi kujifanya hukumu.

Swali kwa darasa: Mshiriki mmoja anamjia mzee wa kanisa. Kwa miaka 15 amejinyima chakula fulani kwa sababu alifundishwa jikoni kwa akina mama kwamba Mungu amekikataza, na aliwakemea binti zake wawili kwa kukila, hata mmoja akaacha kuja kanisani. Sasa amesoma mwenyewe na kugundua kwamba lilikuwa shauri lililotolewa kwa mtu mwingine, kwa sababu nyingine. Haulizi kama sasa anaweza kula. Anauliza amwambie nini binti yake, na kama kuna mtu mwingine anayepaswa kwenda pamoja naye.